Kibali cha Tabibu Kimfuate Mgonjwa

Kiswahili kina majina matatu ya mtu anayetibu: mganga, tabibu na daktari. La kwanza ni la Kibantu, la pili tulilipokea kutoka Kiarabu, na la tatu lilitujia kwa njia ya Kiingereza. Sheria nayo huwatenganisha watu hao kwa vyeti. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa Kasigau au Sagalla, yeyote aliyevaa koti jeupe ni daktari. Mara nyingi huyo amwitaye daktari ni tabibu, yaani afisa wa kliniki mwenye stashahada, ambaye kibali chake kina mipaka.

Mipaka hiyo si kosa. Tabibu wa stashahada hakufunzwa yote aliyofunzwa daktari wa shahada. Bunge lilimtungia sheria mwaka 1988, kisha likatunga nyingine mwaka 2017. Swali langu ni hili: je, mipaka hiyo iwe ya kazi tu, au iwe ya mahali pia?

Kliniki ya binafsi husajiliwa pamoja na jengo lake, na majengo hufuata fedha. Ndiyo maana kliniki husongamana mjini Voi na kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Kaunti ya Taita Taveta ina kilomita za mraba zipatazo 17,000, na zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671, waliotawanyika milimani Wundanyi, mpakani Taveta na nyikani kando ya mbuga. Mama wa Kasigau ambaye mwanawe anatetemeka kwa malaria hawezi kungoja jengo lijengwe. Akiamua kwenda Voi, njia ni ndefu, nauli inauma, na ndovu hawaheshimu ratiba ya matatu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba tabibu akihamahama, mkaguzi hatajua pa kumpata, na mgonjwa aliyedhurika hatajua wa kumshitaki. Hoja hiyo ina uzito. Lakini yafaa tukumbuke kwamba tapeli hustawi pale ambapo mwenye cheti hayupo.

Kwa hiyo, kibali kipanuliwe kwa masharti. Kwanza, siku na mahali pa kutibia viandikwe katika daftari la kaunti. Pili, kila tabibu awe na daktari wa kumsimamia, aliyetajwa kwa jina, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Tatu, kibali kibandikwe mlangoni kwa Kiswahili, kieleze anachoruhusiwa kutibu na asichoruhusiwa. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Kibali ambacho mgonjwa hawezi kukisoma ni pambo la ukuta.

Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti vituo vyao vya afya. Waama, kaunti yaweza kuanza kwa jambo dogo: kumwazima tabibu mwenye leseni chumba katika zahanati ya kijijini siku ya soko.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mwenyeji nenda.