Kutungua vimondo kwa jedwali la kuzidisha

Jedwali la kuzidisha la 1 hadi 10, au tebo kama linavyoitwa madarasani, lina visanduku 100, na wingi huo huwatisha wanafunzi kabla hawajaanza. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kwa kuwa 3 × 8 na 8 × 3 zina jibu moja, visanduku 100 hupungua na kuwa jozi 55. Zikiondolewa za 1, 2, 5 na 10, ambazo mtoto huzimudu mapema kwa kuhesabu kwa kuruka, zinabaki 21 tu. Hizo 21, kuanzia 3 × 3 hadi 9 × 9, ndizo zinazosumbua, na kati yake 6 × 7, 6 × 8, 7 × 8 na 8 × 9 huwakwamisha hata watu wazima.

Mtoto anaweza kuelewa vizuri kwamba 7 × 8 ni mafungu saba ya vitu vinane, akayachora, akajumlisha, akapata 56, na bado asiwe amelijua jibu hilo kwa kiwango kinachohitajika huko mbele. Anapofika kwenye kugawanya kwa njia ndefu au kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, akili inabeba mambo kadhaa kwa wakati mmoja, na uwezo wake wa kubeba una mpaka. Akisimama kuitafuta 56 kwa vidole, anaporudi amesahau alikuwa hatua ipi. Ndiyo maana majibu ya jedwali yanatakiwa yaje yenyewe, ndani ya sekunde mbili tatu.

Kwa vizazi vingi yameingizwa kichwani kwa kuimba: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Kuimba kuna faida yake, ila kunachohifadhi ni mfuatano. Mwanafunzi akiulizwa 7 × 8 peke yake, mara nyingi huanzia juu na kushuka mstari kwa mstari hadi alifikie jibu. Hapo ndipo mchezo wa kompyuta unapopata nafasi, kwa sababu huyatoa maswali bila mpangilio na kudai kila jibu kivyake.

Sura ya anga katika michezo hii ilitoka kwenye kumbi za burudani. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, na mwaka 1980 Atari ya Marekani ikatoa Missile Command, ambamo mchezaji hulinda miji isiangukiwe na makombora. Watengenezaji wa programu za shule hawakukawia kuona kwamba kitu kinachoshuka polepole kutoka juu kinaweza kubeba swali la hesabu. Math Blaster ya kampuni ya Davidson & Associates ilitoka mwaka 1983; mwanzilishi wa kampuni hiyo, Jan Davidson, alikuwa mwalimu.

Mrithi wa moja kwa moja wa Missile Command ni TuxMath, iliyoanzishwa na Bill Kendrick wa Marekani. Ni programu huria: inapatikana bure, inaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Haidai mashine yenye nguvu, jambo la maana kwa shule yenye kompyuta chache za mezani zilizochakaa.

Mchezo wenyewe unaeleweka upesi. Vimondo hushuka kutoka angani, kila kimoja kimebeba swali, kwa mfano 6 × 7 = ?. Chini zipo nyumba za theluji za pengwini, na katikati yuko Tux, pengwini mwenye silaha ya mwali wa leza. Mchezaji huandika 42 kwenye kibodi, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na kimondo hulipuka. Hakuna kulenga wala kukimbizana na kipanya. Kinachofyatua leza ni jibu sahihi peke yake. Kimondo kisipojibiwa huangukia nyumba na kuiharibu. Maswali yameandikwa kwa tarakimu na alama, hivyo mtoto ambaye bado anasoma kwa shida hakwami.

Hapo kwenye kuandika jibu ndipo palipo na thamani kubwa ya mchezo. Michezo mingi ya hesabu huonyesha majibu manne na kumtaka mtoto achague moja, na mtoto mjanja hujifunza kuondoa yasiyowezekana bila kuzidisha chochote. Kulivuta jibu kutoka kichwani ni kazi tofauti na kulitambua linapoonekana, na ni kule kulivuta kunakoimarisha kumbukumbu. TuxMath inaweza pia kuligeuza swali likawa ? × 8 = 56, na hapo kugawanya kunaanza kuingia bila kutangazwa.

Makosa ya kuzidisha nayo yana tabia yake. Anayekosea 7 × 8 ni nadra aandike 31. Huandika 54, 48 au 63, yaani jibu halali la swali jirani. Majibu haya hushindana kichwani, na kila mara lisilo sahihi linapotolewa, linapata nguvu kidogo zaidi. Kwa hiyo mchezo ulioachwa uende kasi kupita uwezo wa mtoto unaweza kumfundisha kubahatisha, na ubahatishaji huo ukaota mizizi. Kasoro hii ni kubwa kuliko ile inayolalamikiwa zaidi, kwamba watoto wanacheza badala ya kusoma.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe, ingawa wengi hawaifungui. Mipangilio yake humruhusu mwalimu kuweka namba ndogo na kubwa zitakazozidishwa, kupunguza kasi ya kuanzia, kuzuia kasi isipande, na kuagiza maswali yaliyokosewa yarudi. Mchezo wenye jozi sita ngumu, unaokwenda taratibu na kurudia zilizokosewa, una faida kuliko ule wa jedwali zima wenye mbwembwe nyingi. Mtoto ambaye bado hajaelewa maana ya kuzidisha asikalishwe hapo kabisa. Aanze na vizibo vya chupa na mistari ya nukta, kwani vimondo havifundishi dhana.

Suala la muda lina wabishi pande zote mbili. Jo Boaler wa Chuo Kikuu cha Stanford amekuwa akipinga kwa miaka mingi mitihani ya jedwali inayopimwa kwa saa, kwa hoja kwamba huzaa hofu ya hisabati. Uingereza, kwa upande wake, imeyafanya mazoezi hayo kuwa kipimo rasmi: tangu 2022 watoto wa umri wa miaka minane na tisa katika shule za serikali za England hujibu kwenye kompyuta maswali 25 ya hadi 12 × 12, kila moja kwa sekunde 6. Mchezo upo katikati. Saa ipo, kwa sura ya kimondo kinachoshuka, lakini kushindwa hakuandikwi kwenye ripoti na mzunguko mpya huanza papo hapo. Hata hivyo kwa mtoto mwenye hofu kimondo cha haraka ni mtihani kama mwingine, na kupunguza kasi kwake si upendeleo.

Muda wa kucheza uwe mfupi. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kwamba mazoezi yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Ijumaa. Baada ya wiki chache mtoto apimwe kwa kalamu na karatasi, bila vimondo, kwa sababu alama za mchezo hupanda pia kwa wepesi wa vidole kwenye kibodi. Atakayejibu kwenye karatasi bila kusita yuko tayari kwa Factoroids, mchezo mwingine uliomo humo humo, ambamo miamba ya angani yenye namba huvunjwa kwa kupigwa na vigawo vyake tasa.