Milima ya Kale Iliyo Chini ya Ruiru na Thika

Mtu akisimama mahali palipoinuka katika nchi ya Kiuu, Ruiru au Thika siku isiyo na mawingu, ataona milima pande mbili. Upande wa mashariki ni Kilimambogo, ambao Wamasai huuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na Wakikuyu huuita Kirima kia Njahi. Upande wa kaskazini-magharibi ni safu ndefu ya Nyandarua. Wako wanaodhani kwamba milima hiyo yote ilizaliwa na volkano. Sivyo. Kilimambogo ni mzee wa kupindukia, na Nyandarua ni mtoto mbele yake. Tofauti hiyo ya umri ndiyo inayoeleza kwa nini udongo, mawe ya kujengea na maji ya visima si sawa kila mahali katika wilaya hizi.

Milima iliyoliwa na mvua

Yapata miaka milioni 650 hadi milioni 550 iliyopita, kabla ya kuwako mnyama yeyote wa nchi kavu, vipande viwili vikubwa vya nchi vilisukumana. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, kama ukucha wa mtu unavyoota, lakini nguvu zake zilikuwa kubwa mno. Mchanga na matope ya bahari iliyokuwa baina yake vilikunjwa, vikazama chini sana, vikaokwa kwa joto na kubanwa mpaka vikageuka kuwa mawe ya namna nyingine. Juu yake ikainuka safu ya milima mirefu.

Safu hiyo ilitoka Msumbiji, ikapita Tanzania na Kenya, ikaendelea hadi Ethiopia. Mwaka 1951 mtaalamu Mwingereza, Arthur Holmes, aliyatenga mawe yake na kuyaita Mkanda wa Msumbiji. Vilima vya Mua na Machakos, milima ya Taita, Usambara na Uluguru, yote ni ya ukoo huo. Tanzanaiti, kito kilichogunduliwa Merelani mwaka 1967, kilipikwa katika mawe hayo hayo.

Milima ile mirefu haipo tena. Mvua, jua na mito viliila kwa muda wa mamilioni ya miaka, mpaka ikabaki mizizi yake tu. Kilimambogo, chenye urefu wa mita 2,145 juu ya bahari, ni sehemu ya mizizi hiyo: mawe yake yalikuwa magumu kuliko ya jirani, kwa hiyo yalisalia wakati mengine yalipochukuliwa na maji. Mawe ya kale hutambulikana kwa michirizi yake myeupe na myeusi, na kwa ulanga, yaani vipande vyembamba ving'aavyo juani.

Moto wafunika uzee

Nchi ilipokwisha sawazishwa, ardhi ya Kenya ilianza kupasuka na kufanya Bonde la Ufa. Katika nyufa zake ilitoka zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kama uji, na majivu ya moto. Safu ya Nyandarua ilijengwa hivyo, hasa katika miaka milioni sita au saba iliyopita, na kilele chake cha juu hufika karibu mita 4,000. Zaha na majivu yaliteremka mashariki, yakafunika mawe ya kale ya Kiambu, Ruiru na Thika, tabaka juu ya tabaka. Kilimambogo kilibaki kimesimama nje ya blanketi hilo.

Ushahidi wa kazi ya mvua waonekana katika Uwanda wa Yatta, unaoanzia karibu na Kilimambogo na kuelekea Tsavo kwa kilomita zipatazo 300. Yapata miaka milioni 13 iliyopita, zaha iliyotoka upande wa Bonde la Ufa ilifuata bonde la mto wa kale, ikaganda humo. Zaha ni ngumu. Ardhi ya kandokando ilikuwa laini, nayo ikaliwa. Leo lililokuwa bonde limekuwa mgongo wa juu, na zilizokuwa kingo zake zimekuwa chini.

Maana yake kwa mkulima na mjenzi

Udongo mwekundu wenye kina unaofaa kahawa, kama ule wa Ruiru ilipo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, umetokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu sana. Maji yale yale yaliyoimaliza milima huuchukua udongo huo kila masika. Mawe yakihitaji maelfu ya miaka kuwa udongo, mvua moja kubwa yaweza kuupeleka mtoni udongo wa shamba lisilo na matuta wala nyasi.

Mawe ya Ndarugo, yanayochimbwa pande za Juja na kujengea nyumba nyingi za Nairobi, ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Ndiyo sababu huchongeka kwa urahisi. Lakini shimo lililoachwa wazi baada ya kuchimbwa hujaa maji, na maji hayo yamewahi kuua watoto. Mwenye shimo na alizungushie ua, kisha alifukie.

Jambo la maji lahitaji uangalifu zaidi. Katika nchi ya volkano, maji ya chini hukaa baina ya tabaka za zaha, ambako mchanga na udongo wa maziwa ya kale vilifunikwa. Katika nchi ya mawe ya kale, hukaa katika nyufa na sehemu zilizooza tu. Hivyo kisima kimoja chaweza kutoa maji mengi, na kingine kilicho hatua chache kutoka hapo kikawa kikavu. Kupima ardhi kabla ya kuchimba ni gharama ndogo kuliko shimo lisilo na maji.

Tena maji ya visima virefu vya nchi ya volkano mara nyingi huwa na floridi, ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto yakawa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki na kuzidi nguvu. Kwa hiyo maji ya kisima kipya yapelekwe kupimwa kabla watoto hawajaanza kuyanywa.