Kijana wetu Marekani anataka bastola: aichague ipi, na tumuulize nini kabla hajanunua?



Karibu kila mtaa hapa visiwani una nyumba yenye mtoto, kaka au shemeji anayeishi Marekani, iwe Columbus katika jimbo la Ohio, Minneapolis au Houston. Katika simu zao, baada ya salamu na habari za kazi, siku hizi huingia jambo ambalo sisi huku hatukulizoea: kijana anasema anataka kununua bastola. Mmoja anafunga duka usiku wa manane. Mwengine anaendesha teksi. Wa tatu amechaguliwa kuwa miongoni mwa wanaosimama mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Waislamu 6 waliuawa msikitini Quebec, Canada, Januari 29, 2017, na wengine 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019. Kwa hiyo hofu ya kijana huyu hatuwezi kuiita ya bure.

Mzazi anaposikia habari hiyo, ama hukasirika na kukata simu, ama husema "haya baba, Mungu akulinde" na mambo yakaishia hapo. Yote mawili hayamsaidii kijana. Tumeona tueleze jambo lenyewe lilivyo, ili familia ijue inazungumza nini.

Kwanza, anaruhusiwa?

Kabla ya kuulizana aina ya bastola, tuulize karatasi za kijana. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu asiye na makaazi halali kumiliki bunduki au hata risasi. Katazo hilo linawagusa pia wengi walioingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, isipokuwa kwa ruhusa chache maalumu kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi asidhani kuwa kukodi bastola uwanjani kwa saa moja ni mchezo tu, kwa sababu kuishika kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuimiliki. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua kama hana kizuizi chengine. Vizuizi hivyo ni pamoja na kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, kuhukumiwa kwa kumpiga mke au mtu wa nyumbani, na kutumia bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha.

Mnunuzi dukani hujaza fomu ya serikali na kutia saini kuwa majibu yake ni ya kweli. Kusema uwongo humo ni jinai, na mgeni akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kurejeshwa kwao. Kijana anaweza kupoteza miaka 10 ya jasho lake kwa karatasi moja.

Sheria za kubeba hutofautiana kwa kila jimbo. Ohio, tangu Juni 13, 2022, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye hana kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola chini ya nguo bila kibali. Minnesota lazima apate mafunzo na kibali kinachotolewa na ofisi ya sherifu. Na katika Ohio hiyo hiyo, kuingia na bastola iliyofichwa katika nyumba ya ibada hakuruhusiwi mpaka wenye nyumba hiyo waridhie. Anayetaka kulinda msikiti basi aanze kwa kamati ya msikiti na wakili, si kwa duka la silaha.

Inayobebeka vizuri na inayolengeka vizuri

Sasa tuseme kijana ameruhusiwa. Dukani atakuta bastola nyingi za risasi za milimita 9, na muuzaji atamuuliza: unataka ya kubeba au ya kulenga shabaha? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bastola ndogo ni rahisi kuificha, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni nyepesi kwa anayeanza. Mambo ni kinyume chake.

Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, kila risasi inapotoka huruka zaidi mkononi. Mpini wake ni mfupi, na kidole cha mwisho hukosa pa kushika. Alama ya mbele na ya nyuma za kulengea zimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mara nyingi chuma chake cha juu, kile kinachovutwa nyuma ili kuingiza risasi, huwa na springi ngumu zaidi, na mwenye mikono dhaifu au mtu mzima huona tabu. Mwenye bastola kama hiyo hupiga risasi 30, mkono ukamuuma, akaiweka. Baada ya miezi 6 anatembea na kitu ambacho hawezi kukitumia sawasawa.

Tuchukue mifano inayojulikana sana katika maduka ya huko, tukiwa hatumpigii debe mtengenezaji yeyote.

Glock 17 ni bastola ya ukubwa kamili: mtutu wa milimita 114 na risasi 17. Uwanjani ni tulivu mkononi, lakini chini ya shati jepesi hujitokeza. Glock 19, iliyotoka 1988, ni ndugu yake mdogo: mtutu wa milimita 102, risasi 15, na uzito wa kama gramu 670 ikiwa na magazini tupu. Hii ndiyo wengi huiita ya katikati, kwani hubebeka chini ya koti na uwanjani humvumilia anayejifunza. Glock 43X, ya mwaka 2019, ina mpini wenye urefu kama wa Glock 19 lakini ni nyembamba zaidi na magazini yake hubeba risasi 10. SIG Sauer P365, ya mwaka 2018, ni ndogo kuliko zote hizi: mtutu wa kama milimita 79, uzito wa kama nusu kilo, na risasi 10 katika magazini yake ya kawaida. Huingia kiunoni bila mtu kujua, lakini inataka mkono uliozoea.

Yapo majimbo, kama California, New York na New Jersey, yanayokataza magazini ya zaidi ya risasi 10. Anayehamia huko aulize kabla hajapakia mizigo.

Ushauri wetu kwa anayeanza, ambaye ana pesa ya bastola moja tu, ni wa katikati: aina ya Glock 19 na mfano wake kutoka kwa watengenezaji wengine. Asinunue kwa picha. Viwanja vingi vya shabaha Marekani hukodisha bastola. Mwenye ruhusa ya kuzishika akodi tatu, apige risasi 50 kwa kila moja akiwa na mwalimu, kisha aangalie karatasi ya shabaha. Karatasi haina upendeleo. Ile iliyokusanya matundu mahali pamoja ndiyo yake, hata kama rafiki yake anaisifu nyengine.

Mazoezi si anasa

Bei ya bastola ni mwanzo tu wa gharama. Kuna mwalimu, ada ya uwanja, risasi, ala, kasha la chuma, na vifaa vya kuzuia sauti masikioni, kwani mlio wa bastola hupita desibeli 140 na huharibu masikio. Asiyeweza kulipia mazoezi ya kila mwezi asinunue silaha ya kubeba. Kwa kupunguza gharama, wapo wanaojifunzia bastola ya risasi ndogo za .22, kama Glock 44 ambayo ukubwa wake unalingana na Glock 19. Risasi zake ni rahisi na hairuki mkononi.

Katika Sahih Muslim limepokewa onyo kali la Mtume (s.a.w.) kwa mtu aliyejifunza kulenga mishale kisha akaacha. Ujuzi wa silaha ni kama kuogelea katika mkondo: anayedhani anajua, na hajaingia majini miaka mitano, ndiye anayezama.

Jambo jengine wengi hawaambiwi. Moshi na vumbi la uwanjani huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Anayetoka uwanjani anawe mikono na uso kabla ya kula, abadilishe nguo na viatu kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe mbali na za watoto.

Ala na adabu ya silaha

Bastola nyingi za sasa hazina loki ya nje ya kubonyeza kwa kidole gumba. Kifyatulio kikivutwa, risasi inatoka. Kwa hiyo bastola haiwekwi mfukoni pamoja na funguo, wala haichomekwi kiunoni hivi hivi. Inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na mkanda imara.

Waislamu hatuna haja ya kuazima adabu hii. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha wanaopita msikitini au sokoni na mishale wazishike ncha zake wasije wakamuumiza mtu. Na amekataza mtu kumuelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha. Kanuni zinazofundishwa uwanjani ni hizo hizo kwa lugha nyengine: ihesabu kila bastola kuwa ina risasi, usiielekeze usipotaka kupapiga, kidole kiwe nje ya kifyatulio mpaka umeamua, na jua kilichopo nyuma ya unachokilenga.

Wanazuoni wamekubali haki ya mtu kujitetea nafsi yake, watu wake na mali yake, na wakaeleza kuwa anayeshambuliwa aanze na njia iliyo nyepesi ikiwa inatosha. Akiweza kukimbia na kufunga mlango, kupiga kelele au kuita polisi, bastola ibaki ilipo. Iliyobebwa kwa ajili ya ugomvi wa barabarani au kuonyesha ubabe haimo katika haki hiyo.

Hatari iliyo karibu zaidi

Hili ndilo tunalotaka familia ilishike. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa Marekani kwa majeraha ya bunduki. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Yaani zaidi ya nusu hawakuuawa na mwizi wala na mwenye chuki ya dini. Walikuwa na huzuni, deni, au talaka, na silaha ilikuwa karibu. Aliyejaribu kujidhuru kwa njia nyengine mara nyingi huwahiwa. Bastola haitoi muda huo.

Vijana wetu huko wanaishi na upweke, kazi za usiku na madeni. Nyumba nyengine zina watoto wanaofungua kila droo. Kwa hiyo bastola isiyokuwa mwilini mwa mwenyewe iwe ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, na namba ya siri isijulikane na watoto. Isiwe chini ya mto, wala juu ya kabati, wala ndani ya gari usiku. Na ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu ambaye moyo wake umevunjika, awe mwenyewe au mkewe au kijana wake, silaha itolewe humo mpaka hali itulie. Nafsi ni amana, na kumlinda mtu na nafsi yake ni sehemu ya ulinzi.

Mzazi aulize haya

Kijana akipiga simu, mzazi asianze kwa kugomba. Amuulize kwa upole: Mwanangu, karatasi zako zinakuruhusu? Umemuuliza wakili? Nani anaishi nawe, na mkeo amesemaje? Kasha la chuma umeshanunua? Nani atakufundisha, na utafanya mazoezi mara ngapi? Unalala vizuri siku hizi, au kuna jambo linakusumbua?

Akiyajibu yote kwa utulivu, swali la Glock au SIG litakuwa jepesi, na karatasi ya shabaha itamjibu. Akishindwa hata moja kati ya hayo, basi bastola yoyote, ndogo au kubwa, bado si yake. Taa nzuri mlangoni, kamera, kutofunga duka peke yake na kuishi vizuri na majirani vitamlinda, wala havitamdhuru mtoto wake.

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu walio mbali na awarejeshe salama. Wallahu a'lam.