Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Kitanda cha Kwanza: Mgonjwa Anapowasili Chennai

Barua ya rufaa humtoa mgonjwa mikononi mwa daktari mmoja na kumkabidhi kwa mwingine. Ndani yake mna utambuzi wa ugonjwa, matokeo ya vipimo, orodha ya dawa na jina la hospitali inayomsubiri. Tiketi nayo hutaja ndege, kiti na saa. Lakini kati ya mlango wa ndege na mlango wa hospitali kipo kipande cha safari kisichomo katika karatasi yoyote kati ya hizo. Kipande hicho humkuta mgonjwa akiwa amechoka kuliko wakati mwingine wowote, mara nyingi usiku, katika mji asioujua, akiwa na fedha zake zote mfukoni na dawa zake zote mkobani. Kwa mtu mzima wa afya, ni usumbufu wa saa moja au mbili. Kwa mwenye moyo dhaifu, figo zilizochoka au maumivu ya saratani, ni sehemu ya tiba, na yafaa ipangwe kama sehemu nyingine za tiba zinavyopangwa.

Tumechagua mji wa Chennai kwa kuwa Watanzania wamekwenda huko kutibiwa kwa miaka mingi. Uko katika pwani ya kusini mashariki mwa India, na wazee wetu wengi bado wanauita Madras, jina lake rasmi hadi mwaka 1996. Kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, pamoja na kukua kwa huduma nyingine za kibingwa nchini, kumewapunguzia wagonjwa haja ya safari hiyo. Hata hivyo wapo wanaoendelea kwenda, wengine kwa rufaa ya serikali, wengine kwa fedha zao na michango ya ndugu. Hao wa kundi la pili ndio tunaowalenga zaidi, maana hawana ofisi inayowapangia hatua zao. Ubalozi wa Tanzania uko New Delhi, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Chennai, na hautazamiwi kumpokea kila msafiri mlangoni.

Jambo la kwanza ni kujua hospitali iko wapi kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Huonekana dhahiri, lakini wengi hufanya kinyume: ndugu mmoja aliyewahi kufika husifu nyumba fulani ya wageni, na chumba kikalipiwa bila mtu kutazama ramani. Chennai ni jiji kubwa. Hospitali ya Apollo, iliyofunguliwa mwaka 1983, iko Greams Lane, katikati ya jiji, na mitaa inayoizunguka imejaa nyumba za wageni zinazoishi kwa wagonjwa na wauguzaji wao. Hospitali ya macho ya Sankara Nethralaya, iliyoanzishwa mwaka 1978, iko Nungambakkam, si mbali na hapo. Lakini hospitali ya MIOT iko Manapakkam, jirani na uwanja wa ndege, kwa hiyo mgonjwa wake akilala Greams Road atakuwa ameipita hospitali yake na atalazimika kuirudia kila siku katikati ya msongamano. Na anayekwenda Christian Medical College ya Vellore ajue kwamba Vellore ni mji mwingine kabisa, zaidi ya kilomita 130 kutoka Chennai. Mgonjwa huyo hana budi kuamua mapema kama mwili wake utastahimili gari la saa nyingine kadhaa, au alale kwanza Chennai.

Lipo pia suala la neno. Kusini mwa India, neno hoteli mara nyingi humaanisha mahali pa kula, kama linavyotumika kwetu mtu anaposema anakwenda hotelini kunywa chai. Mahali pa kulala huitwa lodji, na kwa matibabu ya wiki nyingi vipo vyumba vyenye jiko ambamo muuguzaji anaweza kumpikia mgonjwa wake. Kabla ya kulipa, uliza swali moja kwa maandishi: je, mnapokea wageni wenye pasipoti za kigeni? Sheria ya India humtaka mwenye nyumba kuripoti kila mgeni wa nje kwa idara ya uhamiaji ndani ya saa 24, kwa waraka uliojulikana kwa muda mrefu kama Fomu C. Baadhi ya nyumba ndogo hazijajiandaa kwa utaratibu huo na humkataa mgeni mlangoni. Kukataliwa saa kumi za usiku, mgonjwa akiwa garini, si jambo dogo.

Hapo tumefika kwenye saa, mtego unaotunasa sisi Waswahili kuliko wengine. Tiketi ikiandika 03:40 ya Jumatano, maana yake ni saa tisa na dakika arobaini za usiku, ule usiku tunaouhesabu bado kuwa wa Jumanne. Nyumba nyingi za wageni humkabidhi mtu chumba kuanzia adhuhuri. Aliyelipia chumba cha Jumatano atafika alfajiri na kuambiwa asubiri saa saba au nane kwenye kiti cha mapokezi. Dawa yake ni kulipia usiku wa Jumanne pia, hata kama utalala saa chache tu. Gharama hiyo ya usiku mmoja huonekana ya kupoteza wakati michango inapohesabiwa, lakini ni miongoni mwa fedha zinazofanya kazi kubwa katika safari nzima. Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Ile nusu husahaulika sana.

Ndege nyingi kutoka kwetu hupitia Doha, Dubai, Addis Ababa au Mumbai. Anayepitia Mumbai ajiandae zaidi, kwa sababu ukaguzi wa uhamiaji na forodha hufanyika katika uwanja wa kwanza wa India anaoukanyaga. Mizigo huchukuliwa hapo, kisha hukabidhiwa upya kwa safari ya ndani. Kwa mgonjwa asiyeweza kutembea mbali, kiti cha magurudumu kiombwe kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla, na kiombwe kwa kila uwanja atakaopitia.

Kwenye ukaguzi wa afya, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo huamua. India huitaka kwa kila anayetoka katika nchi inayoihesabu kuwa na hatari ya ugonjwa huo, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa. Asiye na kadi halali anaweza kutengwa hadi zitimie siku 6. Tunawasihi watumishi wa afya waliulize jambo hili mapema, kwa maana chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa na haifai kwa mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani, anayetumia steroidi nyingi, au mwenye kinga iliyoshuka sana. Kwa mwenye zaidi ya miaka 60 uamuzi huhitaji uangalifu. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji hati ya msamaha kutoka kituo cha chanjo kinachotambuliwa, pamoja na mawasiliano na ubalozi wa India kabla ya tiketi kukatwa. Barua ya daktari inayoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya uwanja, mbele ya afisa mwenye foleni ndefu, haina nguvu inayodhaniwa.

Mizigo iliyowekwa tumboni mwa ndege huweza kuchelewa siku mbili. Kwa hiyo dawa zote, katika vifungashio vyake na pamoja na barua yenye majina ya kitaalamu, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe chini kamwe, kwani huko inaweza kuganda na kuharibika. Picha za CT, vioo vya patholojia na vipande vya nta vyenye sampuli ya uvimbe navyo vibebwe mkononi. Vikipotea, mgonjwa anaweza kulazimika kukatwa nyama upya. Anayetumia mofini awe na barua inayotaja kipimo na kiasi alichobeba.

Katika viwanja vya India, asiye msafiri haruhusiwi kuingia ndani ya jengo. Mpokeaji wako, kama yupo, anakusubiri nje ya mlango, kati ya watu wengi walioinua vibao vyenye majina. Hospitali kubwa zina idara za wagonjwa wa kimataifa, na nyingi hutuma gari zikiombwa. Usiridhike na ahadi kwamba mtu atakuja. Omba jina la dereva, namba yake ya simu, namba za gari na mlango atakaosimama. Mwenye taarifa hizo nne hatayumbishwa na dalali atakayemkaribia akisema ametumwa na hospitali. Madalali hao wapo, kama wapigadebe walivyo katika vituo vyetu vya mabasi. Hulipwa na nyumba za wageni, na wakati mwingine na hospitali nyingine, kwa kila mtu wanayempeleka. Wimbo wao hauna mengi: hoteli yako imejaa, imefungwa, au iko mbali, ninayo bora zaidi.

Asiye na mpokeaji atumie kaunta ya teksi za kulipia kabla, iliyo ndani ya eneo la wanaowasili. Badilisha hapo fedha kidogo tu, zitoshe gari na chakula cha kwanza, kwa kuwa viwango vya uwanjani kwa kawaida huwa duni kuliko vya mjini. Taja mtaa unaokwenda, lipa bei iliyopangwa, upewe stakabadhi yenye namba za gari. Stakabadhi hiyo ndiyo malipo ya dereva, kwa hivyo mpe ukishashuka na mizigo yako, si kabla. Teksi za kuitwa kwa programu ya simu zinafanya kazi kama Dar es Salaam, ila zinataka intaneti, na laini ya simu ya India kwa mgeni huhitaji pasipoti na viza na huenda isifunguke saa ileile. Karatasi ni salama zaidi: jina la nyumba, mtaa, simu ya mapokezi, vyote kwa Kiingereza na, mwenyeji akikubali kukutumia, kwa hati za Kitamil. Maneno ya Kihindi tuliyoyaokota kwenye filamu hayatamfikisha mtu mbali hapa, kwa maana lugha ya Chennai ni Kitamil. Na dereva akitikisa kichwa pembeni kushoto na kulia, usidhani anakataa. Mara nyingi amekubali.

Njia yenyewe ni ya takriban kilomita 15 hadi Greams Road, kupitia Guindy na kisha barabara ya Anna Salai. Alfajiri huchukua nusu saa hivi; jioni ya siku ya kazi yaweza kuzidi saa nzima. Treni ya metro imefika uwanjani tangu mwaka 2016, ni safi, ni rahisi, ina lifti, na kituo cha Thousand Lights kiko karibu na Apollo. Hata hivyo hailali macho usiku, na ndege nyingi za kutoka Ghuba hutua usiku wa manane. Tungeishauri kwa muuguzaji katika siku zinazofuata kuliko kwa mgonjwa siku ya kwanza. Bajaji, ambazo kwetu zimechukua jina la kampuni ya India iliyozitengeneza, huko huitwa oto. Hazifai kwa mgonjwa mwenye mizigo, wala kwa yeyote mwenye kidonda kipya au maumivu ya mgongo. Asiyeweza kukaa wima aombe gari la wagonjwa la hospitali, hata kama linagharimu zaidi.

Mwili nao umekwisha kupitia mengi. Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa mapafu hushuka akiwa hoi. Kukaa zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo atembee kidogo ukumbini kabla ya kuingia garini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, hata siku kadhaa baadaye, asingojee tarehe ya miadi; namba ya gari la wagonjwa katika jimbo la Tamil Nadu ni 108. Dawa ya maumivu imezwe kwa hesabu ya kufika kitandani, si ya kutua. Mwenye kisukari asichome insulini ya chakula garini kwa matumaini kwamba atakula akifika, maana gari likikwama sukari itashuka na chakula hakipo. Achome chakula kikiwa mbele yake. Mwezi Mei joto huweza kupita nyuzi 40. Kati ya Oktoba na Desemba ni majira ya mvua kubwa, na mafuriko ya Desemba 2015 yaliufunga uwanja huo kwa siku kadhaa. Anayesafiri majira hayo abebe dawa za wiki moja au mbili za ziada.

Mapokezi watachukua pasipoti na viza wapige nakala kwa ajili ya ripoti ile ya uhamiaji. Huo ni utaratibu wa kawaida, lakini hakikisha pasipoti inarudi mkononi mwako kabla hujapanda chumbani. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa, na mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo cha maji akihesabu pia yale aliyokunywa ndegeni. Kisha muuguzaji atume ujumbe nyumbani wenye jina la nyumba, namba ya chumba na simu ya mapokezi. Saa kumi na mbili za asubuhi Chennai ni saa tisa na nusu za usiku Dar es Salaam, na kwa kawaida kuna mtu ambaye bado hajalala.