Shangingi Ng'ambo ya Maji

Gari la kifahari la dizeli lililokwisha kutumika katika nchi nyingine huwa na bei mbili, moja ikiwa ni ile inayolipwa siku ya kununua na nyingine ile inayolipwa kidogo kidogo kwa miaka yote ya kulimiliki, na kwa kawaida mnunuzi hujadiliana kwa ukali juu ya bei ya kwanza huku ile ya pili akiiacha bila kuiuliza. Nchini Tanzania magari ya aina hii, yaani yale makubwa na mazito yanayosukumwa na magurudumu yote manne na yenye viti vya ngozi na kiyoyozi, huitwa mashangingi, jina lililotoka kwa mwanamke wa mjini mwenye mapambo na makeke, likashika kwenye Land Cruiser VX za viongozi, kisha likaenea hadi kwa ndugu zake wa kila namna. Katika mji wa Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, bei ile ya pili ina kipimo chake cha pekee, kwa kuwa huko uchakavu haupimwi kwa umri na kilomita tu, bali pia kwa umbali uliopo kati ya gari na fundi anayeweza kulitibu.

Asili ya magari hayo inaeleza mengi kuhusu hali yake. Japan, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, ilipitisha mwaka 2001 sheria kali ya kupunguza moshi na masizi katika maeneo ya miji mikubwa ya Tokyo, Osaka na Nagoya, na kwa sheria hiyo dizeli nyingi za zamani zilinyimwa usajili zikiwa bado na injini nzima, zikatafutiwa wanunuzi nje. Uingereza, ambako pia magari hupita kushoto, ndiyo chimbuko la Range Rover, Discovery na BMW X5 nyingi, na mnunuzi wa gari la huko hana budi kulichungulia chini, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula chesisi kimyakimya. Chimbuko la tatu ni la nyumbani, nalo ni minada ya magari yaliyomaliza utumishi serikalini na kwenye miradi, ambayo huwa yamekimbizwa sana kwenye vumbi lakini angalau historia yake inaweza kuulizwa kwa dereva aliyeyaendesha.

Forodhani, gari la injini kubwa na la umri mkubwa huadhibiwa mara mbili. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ni asilimia 10, gari lililopita miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, na juu ya yote hayo huja kodi ya ongezeko la thamani, kiasi kwamba jumla ya kodi inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe au kuipita. Kenya hukataa kabisa gari lililozidi miaka minane, ilhali Tanzania hulipokea na kulitoza, na hiyo ndiyo sababu ya Prado za mwishoni mwa miaka ya 1990 kuendelea kuonekana Mwanza zikiwa na namba mpya.

Namba mpya haifupishi njia. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na gari linalotoka Mwanza kwa barabara hulazimika kuzunguka kupitia Magu na Bunda kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Kisorya, likasubiri kivuko cha kwenda Rugezi, ndipo limalizie safari ya Nansio, wakati abiria aliyepanda meli katika bandari ya Mwanza huvuka moja kwa moja kwa saa chache tu. Kutokana na jiografia hiyo, spea na fundi husafiri kwa meli kwa urahisi kuliko gari lenyewe, na mwenye gari lililozimika Nansio huanza kulipa nauli, malazi na siku za kusubiri kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa. Gereji za wilayani zina mafundi hodari wa kufungua injini, kubadilisha bushi na kufunga breki, lakini kompyuta ya kusomea hitilafu, yaani kifaa kinachochomekwa chini ya usukani ili kuhoji mitambo ya umeme ya gari, ni jambo jingine, hasa kwa magari ya Ulaya ambayo kila kampuni huwa na lugha yake.

Ili kuelewa kwa nini kompyuta imekuwa na nguvu kiasi hicho, ni vyema kukumbuka kwamba injini ya dizeli, iliyopewa jina la Mjerumani Rudolf Diesel aliyefanikiwa kuiendesha mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche kama ile ya petroli, bali huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto mkali, kisha mafuta yakapulizwa ndani yake na kujiwakia yenyewe. Katika injini za zamani, kwa mfano ile ya 1HZ ya lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za hospitali na misheni, kazi ya kupuliza ilifanywa na pampu inayotegemea gia na springi, na fundi mwenye sikio zuri aliweza kuirekebisha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya mashangingi hutumia mfumo wa bomba moja la pamoja, ambamo mafuta hukaa tayari yakiwa na shinikizo, au presha kama wanavyosema mafundi, linalozidi lile la tairi kwa mara mia kadhaa, na nozeli zinazoongozwa na kompyuta huyapuliza mara kadhaa katika mzunguko mmoja. Matokeo yake ni injini tulivu, yenye nguvu na isiyo na ulafi wa mafuta, lakini ndani ya nozeli hizo nafasi kati ya chuma na chuma ni nyembamba kuliko unywele, na chembe ya uchafu ambayo pampu ya zamani ingeimeza bila kulalamika inatosha kuziharibu.

Kwa hiyo mafuta ndiyo afya ya gari. Watanzania wanalikumbuka neno uchakachuaji, lililovuma sana karibu na mwaka 2010, wakati dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa na kodi ndogo, hadi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochezewa, na mwaka 2011 serikali ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa huwaka vizuri ndani ya dizeli, na gari linaweza kutembea nayo siku nyingi bila dalili, ila hayana utelezi wa kutosha, na kwa kuwa pampu ya presha hulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma, vyuma vyake husagana na kutoa unga unaosambaa hadi kwenye nozeli zote. Kwenye mwambao ambako karabai za kuvulia dagaa zilitumia mafuta hayo kwa miaka mingi, kabla ya taa za betri na sola kushika soko, madumu ya aina mbili yamezoea kukaa pamoja, na dizeli ya kwenye dumu, hata iwe ya bei nafuu namna gani, haifai kuingia kwenye tangi la gari la namna hii.

Adui wa pili ndani ya tangi ni maji, ambayo hujikusanya yenyewe pale gari linapolala na tangi nusu tupu, kwa sababu hewa yenye unyevu huganda kuwa matone usiku. Chini ya kichujio cha dizeli cha magari mengi kuna kizibo kidogo kinachofunguliwa kwa mkono, na fundi mwangalifu huweka chupa angavu chini yake, akakilegeza, akabinya pampu ndogo ya juu mara chache, kisha akaiacha chupa itulie dakika kadhaa. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hushuka na kuchora mstari ulionyooka, chini meupe na juu ya rangi ya majani ya chai. Kazi hiyo haidai chombo chochote cha maana, na bado ni wamiliki wachache wanaoidai wanapopeleka gari sevisi, kwa kuwa wengi huhesabu kwamba sevisi imekamilika oili ikishamwagwa.

Oili yenyewe ina hadithi inayostahili kuelezwa zaidi. Katika injini ya 1KD ya lita 3.0, iliyofungwa kwenye Prado nyingi kuanzia mwaka 2000, kila nozeli hukalia washa nyembamba ya shaba inayouzuia moto wa silinda usipande, na katika injini nyingi za miaka ya mwanzo washa hizo huchoka mapema. Zikichoka, moshi hupenya kando ya nozeli, huingia kwenye oili na kuacha masizi mazito kama lami, nayo huteremka hadi kwenye chujio la kufyonzea oili lililo chini kabisa ya injini na kuliziba taratibu. Dereva haoni kitu mpaka taa nyekundu ya oili iwake, na inapowaka beringi za krenki, yaani vyuma laini vinavyoubeba mhimili mkuu wa injini, mara nyingi zimekwisha kukauka na kuungua. Washa nne ni kitu cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na injini ya mtumba kutoka Gerezani, Kariakoo, na mnunuzi wa Prado ya aina hiyo angefanya busara kuzibadilisha na kulifungua bakuli la oili mara tu gari linapofika, bila kusubiri dalili.

Kisiwani kuna tatizo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni ufupi wa safari. Magari mengi ya dizeli ya Ulaya, hasa tangu kiwango cha Euro 5 kilipoanza mwaka 2009, yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, chenye vitundu kama sega la nyuki, ambacho hunasa masizi na kuyaunguza chenyewe joto linapopanda kufikia nyuzi mia sita hivi. Joto hilo huhitaji gari likimbie kwa mwendo wa barabara kuu kwa muda usiopungua robo saa, na gari linaloishi kati ya nyumba, soko na gati la Nansio halipati nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, Afrika Mashariki ilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa kwa kweli, ilhali vichujio hivyo vilibuniwa kwa mafuta yenye sehemu 10. Kichujio kikiziba, gari hupoteza nguvu na kukataa kukimbia, na wengi huishia kukikata na kuidanganya kompyuta isikitafute, tiba inayoeleweka lakini inayorudisha hewani moshi uleule ambao gari lilitengenezwa liuzuie.

Ziwa lenyewe lina upole na ukorofi wake. Maji yake ni baridi, kwa maana ya kutokuwa na chumvi, hivyo bodi haliliwi na kutu kama la Tanga au Unguja. Lakini vijidudu vinavyoinuka juu ya ziwa kwa makundi kama moshi hunasa kwenye matundu ya rejeta, hukauka, hushika vumbi na kuwa ukuta unaozuia upepo, na injini huchemka bila kuvuja hata tone. Rejeta huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa ndani kuelekea nje, na ndani yake huwekwa dawa ya kupozea, si maji ya ziwa yanayoacha magamba. Kwa injini ya 1KZ, iliyoitangulia 1KD, kuchemka mara moja tu kunaweza kuipasua silinda hedi.

Swali la kuchagua gari gani linajibiwa kwa sehemu kubwa na hayo yaliyotangulia. Discovery 3 ya mwaka 2004 na kuendelea, yenye injini ya lita 2.7, ni starehe isiyo na kifani barabarani, lakini hukalia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na kubadilisha tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi, mara nyingi hulazimisha bodi zima linyanyuliwe kutoka kwenye chesisi, kazi isiyofanyika mahali pasipo na lifti. Land Cruiser ya mfululizo wa 100 yenye silinda sita na dizeli ya lita 4.2 ni ghali zaidi kununua na hunywa zaidi, lakini spea zake zinapatikana Mwanza na mafundi wanaijua kwa moyo. Tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta, mwenye gari linalolala zaidi kuliko kutembea amepata nafuu kidogo, na wa Nansio ni mmoja wao.

Anayenunua kutoka kwa mmiliki wa hapahapa nchini hufaa kufika alfajiri bila kutangaza saa, akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Dizeli iliyochoka huficha maradhi yake ikishapata joto, na ni asubuhi, injini ikiwa baridi, ndipo moshi mweupe usioisha, mlio wa kupumua kwenye nozeli na uvivu wa kuwaka hujitokeza. Kifuniko cha kumiminia oili kikilegezwa injini inaponguruma na kikaanza kurukaruka mahali pake, pistoni zinapitisha moto kwenda chini. Boneti ikikutwa ina joto, gari limewashwa kwa ajili ya mgeni, na mgeni huyo ana haki ya kuomba funguo zilale mezani hadi kesho yake.