Nani Kaamua Nini? Utangulizi wa Ufupishaji wa Vikao kwa Akili Mnemba

Katika kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya shule, ushirika wa wakulima au jumuiya ya msikiti, uenyekiti hugombewa na ukatibu hukwepwa. Mwenyekiti ana heshima yake, mweka hazina ana sanduku lake; katibu ana daftari, na daftari halimruhusu hata kusinzia. Wenzake wakishafunga kikao kwa dua na kuelekea kwenye chai, yeye ndiyo kwanza anaanza: kuunganisha vipande vya sentensi, kukumbuka nani alisema nini, kuchapa, kumpelekea mwenyekiti asome. Si ajabu basi kwamba programu za akili mnemba zinazopatikana bure, kama ChatGPT na Gemini, zimepokewa na makatibu kwa mikono miwili. Unabandika maandishi ya kikao cha saa mbili, unaagiza muhtasari, na chai haijapoa umeshaupata.

Utangulizi huu ni wa katibu huyo, na pia wa mwanafunzi wa isimu, wa ukutubi au wa kompyuta anayetaka kuingia katika taaluma ya ufupishaji na hajui mlango uko wapi. Karibuni. Taaluma yenyewe ni kongwe kuliko inavyodhaniwa, na haidai hesabu nyingi kuielewa. Nina dai moja la kulisimamia: kufupisha mazungumzo ni kazi moja, kuandika muhtasari wa kikao ni kazi nyingine, na mashine zimelelewa katika ile ya kwanza.

Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha makala iliyoeleza jinsi kompyuta inavyoweza kuitengenezea makala ya kisayansi ikisiri yake. Mbinu ilikuwa nyepesi. Hesabu maneno, yatupe yale yanayojirudia kila mahali bila kubeba mada, kama viunganishi, yatakayobaki na kujirudia ndiyo yenye mada, kisha chagua sentensi ambamo maneno hayo yamesongamana. Mwaka 1969 H. P. Edmundson akaongeza vigezo vingine, kama mahali sentensi ilipokaa katika matini na iwapo ina maneno ya kichwa cha habari. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge akaonyesha kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito kuliko neno lililotapakaa katika nyaraka zote, wazo ambalo injini za kutafutia habari zililirithi. Mashine za zama hizo hazikutunga kitu. Zilidokoa sentensi zilizokwisha kuandikwa na kuzipanga.

Sasa ichukue mbinu ya Luhn uipeleke kwenye kikao cha kikundi cha akina mama. Neno litakaloongoza ni "mwenyekiti", kwa kuwa kila anayesimama huanza na "Ndugu mwenyekiti". Litakalofuata huenda likawa "sare", kwa sababu rangi ya kitenge cha sare imebishaniwa dakika 40 na haikupatikana. Katikati ya ubishi huo, kwa nusu dakika, mmoja amependekeza riba ya mikopo ipande kutoka asilimia 5 hadi 10, wawili wameunga mkono, mikono imenyooshwa, limepita. Katika kikao wingi wa maneno haupimi uzito wa jambo, na mara nyingi hupima kinyume chake.

Henry Martyn Robert, ofisa mhandisi wa jeshi la Marekani, alitoa mwaka 1876 kitabu cha kanuni za mikutano ambacho vyama vya huko vinakifuata hadi leo, na msimamo wake kuhusu kumbukumbu ni mkavu: andika kilichofanyika, usiandike kilichosemwa. Upande wa pili wa mizani kuna Hansard ya bunge, ambayo huhifadhi karibu kila neno. Mihutasari yetu hukaa katikati. Ina kufungua kikao, mahudhurio na wenye udhuru, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda moja moja, mengineyo, na kufunga. Na ndani ya kila ajenda kuna desturi ya kueleza kidogo ("mjumbe mmoja alitaka kujua…", "mwenyekiti alifafanua kuwa…") kabla ya kutua kwenye uamuzi. Mimi naipenda desturi hii, kwa sababu uamuzi usio na sababu zake huzua ugomvi baada ya miezi sita. Ila inampa mfupishaji kazi ngumu: aeleze mjadala bila kuupa sura ya uamuzi.

Watafiti waliliona tatizo la vikao mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya ICSI ya Berkeley, California, ilirekodi vikao 75 vya watafiti wake wenyewe. Muda si mrefu mradi wa Ulaya uitwao AMI ukakusanya takriban saa 100 za vikao, na sehemu kubwa ilikuwa maigizo: watu wanne wanapewa vyeo na kuambiwa wabuni rimoti ya televisheni. Sehemu kubwa ya utafiti wa ufupishaji wa vikao imejengwa juu ya hazina hizo mbili. Vikao vya Kiingereza, vya watu wachache, katika chumba chenye maikrofoni kadhaa, bila jenereta ya jirani wala mjumbe anayeingia amechelewa na kuomba arudishwe nyuma.

Kiswahili kilipata hazina yake kwa njia nyingine. Mwaka 2021 ilitolewa XL-Sum, hazina ya habari za BBC na mihutasari yake katika lugha 44, Kiswahili kikiwamo. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini habari ya redio au gazeti huweka zito mbele na kuacha mepesi mkiani, ilhali kikao hufanya kinyume: huzunguka, hurudi, na uamuzi huja mwishoni mwa ajenda, pengine wakati nusu ya watu wamekwisha kushika mikoba.

Mageuzi mawili yalitufikisha hapa tulipo. La kwanza ni usanifu wa kimodeli uitwao transfoma, uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, ambao ndio mhimili wa modeli kubwa za lugha. Modeli hizi hutabiri neno linalofuata baada ya kusoma maandishi mengi mno, hivyo hutunga sentensi mpya badala ya kudokoa za zamani. La pili ni unukuzi wa sauti. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa bure Whisper, programu iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, saa 117,000 tu ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, na Kiswahili kimo katika kundi hilo. Ndiyo maana husikia vizuri hotuba ya mtu mmoja anayesema pole pole, na huteleza watu watatu wanapodakizana huku wakichanganya Kiswahili na Kisukuma au Kiingereza.

Kuna hitilafu nyingine ambayo katibu asiyeijua itamgharimu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024, ulioongozwa na Allison Koenecke wa Chuo Kikuu cha Cornell, ulikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti ya Kiingereza walivyovipitia vilikuwa na maneno mazima ambayo hakuna aliyeyasema. Hatari huongezeka pale penye ukimya mrefu: mashine ikikosa cha kusikia, hubuni. Na vikao vyetu vina ukimya wake. Mweka hazina akiulizwa fedha ziko wapi, ukimya unaweza kuwa mrefu kweli.

Tuutazame mfano mmoja wa kutunga kwa karibu. Maandishi ya kikao yanasomeka hivi:

"Mjumbe: Ndugu mwenyekiti, mimi naomba faini ya kuchelewa ipande, ifike elfu mbili.
Mwenyekiti: Hoja yako tumeipokea, mama. Tutaitazama."

Si ajabu mashine ikaandika: "Kikao kiliazimia kupandisha faini ya kuchelewa hadi shilingi 2,000." Sarufi safi, mtindo wa kiofisi, na ni uongo. Kila aliyekuwa ukumbini amejua kwamba hoja imezikwa kwa heshima, kwa sababu anamjua mwenyekiti na anajua sauti aliyoitumia. Mashine haikuwapo. Imeona pendekezo, ikaona jibu lisilo na kukataa, ikamalizia kwa namna ambayo mihutasari mingi humalizika.

Katika kikundi cha kukopeshana, kosa hilo litaleta mzozo wa elfu mbili. Lipeleke kijijini. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, na karatasi inayoonyesha kwamba uliridhia ni muhtasari, uliowekwa saini na mwenyekiti na Afisa Mtendaji wa Kijiji ambaye ndiye katibu. "Uliridhia" moja iliyopachikwa na programu inaweza kufika mbele ya baraza la ardhi ikiwa ushahidi. Hapo usitegemee kusoma rasimu haraka haraka ukaona "iko sawa". Maandishi ya mashine hayana makosa ya tahajia ya kumshtua msomaji, na macho hupita juu yake kama gari juu ya lami.

Dawa ya kwanza iko katika namna ya kuagiza. Ukisema "fupisha kikao hiki" umeiachia mashine iamue muhtasari ni nini. Ipe orodha ya ajenda na mahudhurio, kisha iulize kwa kila ajenda: kiliamuliwa nini, atatekeleza nani, kufikia lini, pasipo na uamuzi iandike "hakuna uamuzi", na chini ya kila uamuzi inukuu sentensi ya kwenye maandishi inayouthibitisha. Agizo hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Katika mfano wetu, mashine ikilazimika kunukuu "Tutaitazama" chini ya neno "kiliazimia", katibu ataona ufa mara moja.

Agiza pia ajenda moja moja, usiimwagie kikao kizima. Mwaka 2023 Nelson Liu na wenzake walionyesha kwamba modeli za wakati huo zilitumia vizuri zaidi habari zilizoko mwanzo na mwisho wa maandishi marefu, na kuzembea zilizo katikati. Modeli mpya zimejirekebisha kwa kiasi, lakini tahadhari haina gharama: kufungua kikao na mengineyo havimpotezei mtu usingizi, na ajenda nzito kwa kawaida hukaa katikati.

Makatibu wengi hawarekodi sauti kabisa, wana daftari. Programu kadhaa za bure husoma mwandiko kutoka kwenye picha ya simu, na huusoma vizuri kuliko ungetarajia, isipokuwa tarakimu. Moja ya mkono hufanana na saba, sifuri iliyokosa kufungwa huwa sita. Kila kiasi cha fedha kikaguliwe na jicho la mtu, daftari likiwa wazi pembeni.

Kwa maoni yangu faida kubwa zaidi haiko hata katika kufupisha. Iko kwenye yatokanayo. Kikundi kinachokutana kila mwezi kina mihutasari 12 kwa mwaka, na ndani yake maagizo yaliyotolewa, yakaahirishwa, yakasahauliwa. Zipakie nyaraka hizo katika chombo kama NotebookLM ya Google, kinachojibu kutokana na nyaraka ulizokipa na kuonyesha jibu limetoka kifungu gani, kisha uliza: ni maagizo gani hayajaripotiwa kutekelezwa? Kazi hiyo humla katibu siku nzima kwa mkono, na mara nyingi haifanywi. Jibu la mashine huenda likawa na mapengo, lakini kila dai unaweza kulifuata hadi chanzo chake.

Bure nayo ina bei. Baadhi ya huduma hizi hutumia maandishi ya watumiaji kuboresha modeli zake, isipokuwa uzime ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Muhtasari wa kikundi una majina ya wadaiwa, wagonjwa waliochangiwa, ndoa zilizosuluhishwa. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, mwanachama hakukopa ili deni lake lisomwe kwingine. Badili majina yawe "Mjumbe 1", "Mjumbe 2" kabla ya kubandika, na urudishe majina kwenye rasimu. Anayeweza aendeshe Whisper kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti, na sauti haitoki nyumbani. Na wajumbe waulizwe kabla ya kurekodi. Swali hilo lenyewe liingie kwenye muhtasari.

Kuna hatua moja ambayo haina programu. Kikao kijacho katibu husoma, au wajumbe hupitia, ukurasa kwa ukurasa, halafu mtu anasema "Mwenyekiti, ukurasa wa pili, mimi sikusema hivyo." Hadi hapo ilikuwa rasimu, iwe ya kalamu au ya mashine. Nimeona vikundi vikianza kuiruka hatua hii kwa hoja kwamba kompyuta imekwisha kuandika vizuri, na hilo linanitia hofu kuliko makosa ya kompyuta yenyewe.

Mwanafunzi atakayetaka kuanza hahitaji maabara. Bunge la Tanzania huchapisha Hansard yake, na humo Kiswahili cha kikao kimehifadhiwa kwa wingi: hoja, taarifa, utani, makofi. Uzuri wake kwa mtafiti ni kwamba uamuzi umewekewa alama. Utakuta ndani ya mabano "Hoja ilitolewa iamuliwe", halafu "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Nakili kikao cha siku moja, futa mistari hiyo ya mabano, ipe programu maandishi yaliyobaki na uiulize hoja zipi zilipita, kisha linganisha na nakala kamili. Utajua ni ngapi imezipata, ngapi imezikosa, na zipi imezipitisha yenyewe bila wabunge. Chagua kikao kifupi. Vya bajeti, vya mwezi Juni, viache kwanza.