Mkufunzi wa Sauti na Waimbaji Chipukizi wa Eldoret

Opera ni tamthilia inayoimbwa. Ilichipuka Florence, Italia, mwishoni mwa karne ya 16, na kwa kawaida mwimbaji wake husimama jukwaani bila kipaza sauti, akaishinda okestra kwa pumzi zake mwenyewe. Nyuma yake yupo mtu ambaye hadhira haimwoni, naye ni mkufunzi wa sauti. Makala haya yanadhamiria kuangazia kazi ya mkufunzi huyo nchini Kenya, hususan Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024. Jumba la opera halipo, lakini waimbaji hawakosi.

Ukufunzi huu ulikuzwa na shule, makanisa na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Miongoni mwa waliouendeleza yumo Graham Hyslop, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua zaidi kwa tamthilia zake mbili za mwaka 1957, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Hyslop alikuwa afisa wa muziki na drama, na mwaka 1963 aliketi pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi kuutunga wimbo wa taifa kutokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Baadaye Arthur Kemoli, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi, na Boniface Mganga wa kwaya ya Muungano walidhihirisha kwamba nyimbo za jadi zaweza kuimbwa kwa sauti zilizofunzwa bila kupoteza uasili wake. Si sadfa kwamba watu wa fasihi wamo katika orodha hii. Kumfunza mtu kuimba ni kumfunza kutamka.

Ukweli huu hudhihirika mno Eldoret. Chukua mfano wa kijana ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinandi. Katika Kikalenjini, tofauti kati ya vipasuo ghuna na sighuna haibainishi maana, kwa hiyo mwimbaji anaweza kuimba 'papa' palipoandikwa 'baba', na hadhira ikacheka mahali pa kulia. Mkufunzi asiyejua fonolojia humkemea tu. Mkufunzi hodari humwekea vidole kooni ili ausikie mtetemo wa nyuzi sauti katika b, kisha kutokuwepo kwake katika p. Lakini kijana huyohuyo ana hazina ambayo wengi hawana. Lugha yake hupambanua irabu kwa mkao wa shina la ulimi, hivyo sikio lake limekwisha kuzoea tofauti ndogondogo. Anapofika kwenye Kiitaliano, chenye e mbili na o mbili, huenda akazikamata upesi kuliko mwenzake aliyelelewa na irabu tano za Kiswahili pekee.

Shadda nayo ina mitego yake. Neno 'barabara' hubadili maana kutegemea silabi inayotiwa mkazo. Mtunzi akiliweka pigo zito pasipofaa, njia ya magari hugeuka kuwa kielezi, na ni mkufunzi anayepaswa kumshauri mwimbaji namna ya kuliokoa neno. Pumzi hufuata baada ya hayo. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba, na mgeni kutoka Mombasa hugundua mapema kwamba msitari aliouimba kwao kwa pumzi moja sasa unadai mbili. Ndipo mazoezi ya kiwambo na mbavu yanapoanza, kabla ya noti yoyote.

Riziki ya kazi hii ni ya msimu. Shule huwaita wakufunzi tamasha linapokaribia na kuwasahau likipita. Pengo hilo huzibwa na kwaya za makanisa, harusi na masomo ya faragha. Shule hulipia ushindi, ilhali sauti ya mvulana wa miaka 15 bado inavunjika. Akilazimishwa kupaza noti za juu za teno kila jioni kwa wiki kadhaa, nyuzi sauti zaweza kuota vinundu, na kombe la mwaka mmoja likamgharimu sauti yake ya miaka mingi. Mkufunzi mwaminifu hulishusha ufunguo la wimbo, au humnyima kijana sehemu ya pekee, hata kama mwalimu mkuu atamtafuta mwingine mwaka ujao. Kwa hakika hiki ndicho kipimo cha kazi yake, wala si idadi ya vikombe kabatini.

Anayelindwa hivyo anaweza kufika mbali. Jijini Nairobi, Baraka Opera Trust, iliyoasisiwa na mwimbaji wa soprano Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, imewahi kupandisha jukwaani opera za Ondieki the Fisherman, ya Francis Chandler, na Nyanga: Runaway Grandmother, zikiimbwa na vijana wa Kenya. Zote mbili zina majina ya Kiingereza. Opera ya Kiswahili, ambayo ingempa kijana wa Eldoret irabu anazozijua na hadithi inayomhusu, ingali inawangoja watunzi, na washairi walio katika idara za Kiswahili wana kila kinachohitajika kuiandikia maneno.